Baiskeli ya Malaba na Swali la Dirishani

Kuna baiskeli kuukuu pale Malaba, imeegemea ukuta wa duka la vipuri, kando ya barabara iendayo forodhani. Rangi imebambuka. Kengele imekufa. Kwenye keria ya nyuma bado kuna kiti cha sponji kilichoshonewa plastiki nyekundu, na sponji yenyewe inachungulia pembeni. Malori ya kwenda Uganda yamepanga foleni mbele yake tangu alfajiri.

Mimi huisalimia kila nikipita. Juzi ikaitikia.

Msicheke, wapwa zangu. Baiskeli iliyobeba watu miaka yote hiyo haiwezi kukosa la kusema. Ni vile watu wazima hatuiulizi. Watoto wa plotini ndio walioiuliza, na mimi mtoto anayeuliza nampenda sana. Basi tukakaa chini, wengine kwenye matofali, wengine kwenye tairi bovu, na Baiskeli ikaanza.

"Mimi ni boda," ikasema. "Si hizi za petroli zinazopiga kelele usiku kucha. Mimi ni boda ya miguu. Kazi hii ilianzia hapa hapa mpakani, Busia na Malaba, miaka ya 1960, ndipo ikaenea Kenya nzima na Uganda nzima. Nimebeba chumvi. Nimebeba sabuni. Nimebeba samaki wa Port Victoria na mama mboga na magunia yake ya kabichi. Lakini mzigo niliouogopa ni mmoja tu."

"Upi?"

"Mtoto mwenye homa."

"Lakini mtoto ni mwepesi!" akasema mvulana mmoja.

"Ni mwepesi, ndiyo. Unaanza safari ukimsikia amekaa, anashika shati la baba yake. Halafu ile mikono inalegea. Mwenye kupiga pedeli anahisi mgongoni, na mimi nahisi kwenye keria."

Huku kwetu Busia malaria si habari ya redioni. Ni mgeni anayejua kila nyumba. Kwa hiyo Baiskeli iliifahamu sana njia ya hospitali, usiku na mchana, kiangazi na masika.

"Na kila tulipofika," ikaendelea, "baba ananiegemeza ukutani, anamshusha mtoto, anakwenda dirishani. Nyuma ya dirisha ameketi mtu mwenye kitabu cha risiti. Mtu huyo ana swali moja tu. Mna pesa?"

"Kila siku swali hilo hilo?"

"Si tangu zamani. Zamani, mgonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani hakutozwa kitu kwenye hospitali za serikali. Kisha Desemba 1989 serikali ikasema wananchi wachangie gharama. Hapo ndipo dirisha likaanza kuuliza. Mna pesa?"

Baiskeli ikanyamaza kidogo. Halafu ikatusimulia usiku mmoja wa mvua, nami nawasimulia kama nilivyosikia. Bwana wake alimpeleka binti yake hospitali moja ambayo haikuitaja jina. Dirishani akageuza mifuko yote miwili. Zikatoka sarafu chache, msumari, na kipande cha cheni. Mtu wa risiti akahesabu sarafu, akauacha msumari. Hazikutosha. Baba akatoka nje, akapiga magoti kwenye tope, akatoa spana mfukoni mwa koti. Akafungua dinamo. Akafungua taa. Akaenda kuziweka rehani kwa mwenye kioski aliyekuwa bado hajafunga, akarudi na pesa.

"Nilirudi nyumbani gizani," ikasema Baiskeli. "Taa yangu sikuiona tena."

"Na mtoto?" wakauliza watoto wote pamoja.

"Alipona. Ana watoto wake sasa. Mmoja wao ndiye anayenichokoa spoku kwa kijiti hivi sasa, namwomba aache."

Yule msichana akaficha kijiti nyuma ya mgongo.

Basi miaka ikaenda. Mwaka 2004 dirisha likapunguza ukali. Shilingi 10 zahanati, shilingi 20 kituo cha afya, na mtoto wa chini ya miaka mitano asilipe.

"Na wa miaka sita?" akauliza mmoja asiye na meno mawili ya mbele. Mnaona jinsi watoto wanavyosikiliza? Mbunge hangeuliza vizuri hivyo.

Wa miaka sita alilipa. Sasa mtasema, shilingi 10 ni nini? Ni mandazi. Hata mimi ningesema hivyo, kama si jambo lililotokea hapa hapa Busia, kusini, kule Budalang'i na Funyula. Jambo hili limesomwa vyuo vikuu dunia nzima, na watoto wa Busia wenyewe hawajaambiwa. Nawaambia leo.

Mwaka 1998 shirika moja lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za huko. Minyoo mnaijua. Kichocho nacho, kinachopatikana kwenye maji ya ziwa na mabwawa, mnakijua. Wachumi wawili Wamarekani, Michael Kremer na Edward Miguel, walikuwa wakifuatilia shule hizo na kuandika. Dawa zilipotolewa bure, watoto walikuja shuleni zaidi. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika, kwa sababu minyoo ilipungua njiani na vichakani.

Kisha mwaka 2001 wakajaribu jambo jingine. Shule nyingine ziliendelea kupata dawa bure. Nyingine, wazazi wakaambiwa wachangie kidogo. Kidogo kweli: shilingi 30 kwa familia nzima kwenye shule nyingi, shilingi 100 pale palipohitajika dawa ya kichocho pia.

"Wangapi walilipa?"

Haya, kisieni. Palipokuwa bure, watoto 75 katika kila 100 walipata dawa. Palipotakiwa mchango, hawakufika hata 20.

"Labda ni wale wenye minyoo mingi ndio waliolipa," akasema kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya hasikilizi.

Swali la akili sana hilo, nami nikampigia makofi. Wachumi nao walidhani hivyo. Sivyo ilivyokuwa. Watoto waliougua zaidi hawakulipiwa zaidi ya wengine. Bei ile haikuchagua mgonjwa. Iliwafungia mlango wengi tu, basi. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, kwa kazi ya namna hii ya kupima mambo ya umaskini kwa majaribio, na sehemu kubwa ya jina lake ilijengwa na watoto wa Budalang'i waliomeza vidonge.

Kwa hiyo mtu akikuambia shilingi 10 ni kitu kidogo, mwulize: kidogo kwa nani, na siku gani?

Baiskeli ikaendelea. Juni 2013 serikali ikafuta ada zile kwenye zahanati na vituo vya afya. Dirisha likanyamaza, angalau kule chini. Kwenye hospitali kubwa liliendelea kuuliza. Mna pesa? Kisha mwaka 2018 likaja jambo la vijana: EduAfya. Mwanafunzi wa sekondari ya umma alikuwa na bima yake mwenyewe, iliyolipiwa na serikali kupitia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Akiumia uwanjani, akipata pumu bwenini, anatibiwa. Mwisho wa 2023 mpango ule ukakoma. Wazazi wengi walijua umekoma siku walipofika hospitalini.

"Mjomba," akasema yule asiye na meno mawili, "bima ni nini?"

Nilikuwa nikilisubiri swali hilo. Watu wazima wengi hutikisa kichwa redio ikitaja bima, na hawaijui. Mtoto huyu hakuona haya kuuliza. Hongera, mpwa wangu.

Nikamwuliza: "Shuleni mnakula nini mchana?"

"Githeri!"

"Kila siku?"

"Kila siku githeri!"

"Mahindi yanatoka wapi?"

"Kila mzazi analeta gorogoro muhula ukianza."

"Na siku ukikosa kuja, mpishi anakurudishia mahindi yako?"

Wakacheka sana. Mpishi wao, nasikia, hata maharagwe ya ziada hatoi.

"Basi hiyo sufuria ya shule ndiyo bima. Kila nyumba inatia kitu kabla ya njaa kufika. Anayekula leo anakula mahindi ya kila mtu. Kesho utakula wewe. Wala hakuna anayekusimamisha kwenye foleni kukuuliza, una mahindi mfukoni?"

Sufuria ya Kenya siku hizi inaitwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966. Mwenye mshahara anakatwa shilingi 2.75 katika kila 100. Mwenye kuuza mboga, mwenye boda, mwenye shamba la muhogo, anaulizwa maswali juu ya nyumba yake: paa ni la nini, anapikia nini, maji anayatoa wapi. Majibu ndiyo yanayoonyesha atie gorogoro ngapi. Hakuna anayetia chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mzazi akitia, mke au mume wake na watoto wao wote wadogo wanakula hapo. Watoto wawili au tisa, mchango ni ule ule.

Na zahanati je? Na kituo cha afya? Hapo ni rahisi zaidi. Ukiwa umeandikishwa tu, unatibiwa, hata kama nyumbani hawajatoa mchango. Huko inalipa serikali yenyewe kutoka mfuko wa afya ya msingi. Malaria ya kawaida, kikohozi, kuhara, kidonda kilichooza, vyote vinatibiwa hapo. Dawa zikiwepo, lakini. Hilo la dawa ni ugomvi mwingine, nitagombana na wakubwa, si nyinyi. Chanjo nazo hazikungoji bima. Chanjo ya malaria imekuwa ikitolewa magharibi mwa Kenya tangu Septemba 2019, na Busia yetu imo katika kaunti nane zilizoanza.

Mchango unahitajika pale ugonjwa unapokuwa mkubwa. Kulazwa. Kupasuliwa. Kuongezewa damu. Ukipelekwa hospitali ya Kocholia ukaambiwa utalala, hapo ndipo dirisha linatazama kama nyumba yenu imetia kitu.

"Sisi hatuugui sana," akasema yule kijana wa sekondari. "Kwa nini tusingoje? Tukiugua ndipo tulipe."

Nilimpenda huyu kijana, maana alisema wanachowaza wazazi wengi na kuogopa kusema. Nikamwuliza: kila mzazi akingoja mpaka siku mtoto wake ana njaa ndipo alete gorogoro, mpishi atapika nini leo?

Akakuna kichwa.

Jirani zetu Tanzania waliyaona haya. Walikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya mtoto peke yake, shilingi 50,400 za Tanzania kwa mwaka. Bei nzuri. Lakini mzazi alikuwa na hiari ya kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, na wengi waliwaleta watoto waliokwisha kuugua. Machi 2023 mfuko wao wa bima ukasimamisha uandikishaji ule, ukataka watoto waje kwa wingi kupitia shule, wazima na wagonjwa pamoja. Watu walinung'unika sana, na nawaelewa. Ila sufuria inayoletewa wenye njaa tu haikawii kukauka.

Nikachukua kile kijiti kwa yule msichana wa spoku, nikamwambia aandike chini. Shilingi 300 mara miezi 12.

Akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. "Elfu tatu mia sita."

"Vizuri sana. Sasa sikiliza. Mtoto akilazwa hospitali ya ngazi ya nne, SHA hulipa hospitali shilingi 3,360 kwa siku moja. Siku moja tu, kitanda na matibabu. Mchango wa nyumba yao unatosha siku ngapi?"

Akatazama mchanga. "Siku moja. Na chenji ya mia mbili na arobaini."

"Na malaria kali inamlaza mtoto siku tatu, nne. Siku ya pili nani analipa? Ya tatu je?"

Akafikiri. Lori likapiga honi, hakulisikia. Halafu akainua uso. "Ni mahindi ya wale ambao hawakuja kula!"

Wapwa zangu, nimekaa kwenye mikutano ya watu wenye tai iliyomalizika bila mtu kuisema bima vizuri kama binti huyu.

Lakini sitawaficha, maana mtoto haambiwi nusu ya habari. Sufuria hii ina kasoro. Mwenye mshahara anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwenye boda anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Elfu tatu mia sita, kwa mtu anayepata riziki yake siku kwa siku, nayo inaishia kwenye unga na petroli kabla ya jua kuzama! Hapo mimi sikubaliani na waliotunga kanuni. Waliyasahau ya Budalang'i. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unaulipa kwa vipande. Ni afadhali, ingawa deni ni deni. Kwa sababu ya mkupuo huo, ingawa watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamejiandikisha kufikia katikati ya 2025, wachuuzi na wakulima waliokuwa wakilipa walikuwa wachache mno.

Wapo pia wanaopakua wasichostahili. Mwaka huo huo wa 2025 hospitali kadhaa zilisimamishwa, zikituhumiwa kudai pesa za wagonjwa ambao hawakulazwa. Ni kama mtu kuchukua sahani kumi akisema ni za wanafunzi walio chooni.

"Na ambaye nyumbani hawana hata gorogoro moja?" Swali hili lilitoka kwa mtoto aliyekuwa kimya muda wote, miguu peku. Sikumtazama sana, nisimwaibishe.

Nikamwambia: sheria imekukumbuka. Inasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Oktoba 2025 serikali ilianza na watu wapatao milioni 2.2. Hawatoshi, wasiojiweza ni wengi kuliko hao, lakini mlango umefunguliwa. Mhudumu wa afya wa jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake, ndiye wa kuuliza kama nyumba yenu imo.

Na rafiki yenu wa ng'ambo? Maana najua mnacheza pamoja, mnavuka kama mnavuka uani. Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, kwa hiyo zahanati yake haimtozi. Bima ya taifa hana bado. Bunge lao liliupitisha muswada mwaka 2021, haujawa sheria. Akihamia kwenu Kenya akakaa zaidi ya miezi 12, sheria yetu inamtaka naye aandikishwe.

Baiskeli ikakohoa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni hadithi yake.

"Dirisha siku hizi limebadilisha swali," ikasema. "Niko hapa ukutani, lakini boda za petroli huniletea habari. Haliulizi tena kwanza, mna pesa? Linauliza, mtoto ameandikishwa? Na baba anashika kichwa, maana mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, au alizaliwa wakati mama yuko ng'ambo kwa biashara, au karatasi ya hospitali ililowa mvua. Mtoto yupo, anatetemeka, kila mtu anamwona. Kwenye kompyuta hayupo."

Hilo, watoto wazuri, ndilo tatizo letu hasa sisi wa mpakani. Mtoto huandikwa SHA chini ya mzazi wake, kwa cheti cha kuzaliwa. Cheti kikichukuliwa mapema ni kazi nyepesi. Miezi sita ikipita tangu mtoto azaliwe, inaitwa usajili wa kuchelewa, na safari za ofisini zinaongezeka. Aliyezaliwa nyumbani anaanzia kwa naibu wa chifu. Aliyezaliwa hospitali anaanzia na ile karatasi aliyopewa mama siku ya kutoka.

Kwa hiyo nina ombi, na ombi hili ni lenu, si la wazazi, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua kuuliza mpaka mjibiwe. Leo jioni, mama akishakaa, mwulizeni: cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi? Na jina langu limo SHA? Akisema hajui, abonyeze *147# kwenye simu. Hata simu ya kitochi inafanya, haihitaji intaneti. Akisema cheti hakipo, msimkasirikie. Mwombeni aende kukitafuta wiki hii, mkiwa bado wazima.